Kiti Kimoja cha Ndege ya Vita

Wanaoijua studio ya mdogo wangu Gozbert, pale karibu na stendi ya Ngara, watasema nimetia chumvi. Waseme. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu na studio yake vinatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, na haya ninayoyasimulia niliyaona mchana, jua likiwaka, watu wakiuza nyanya. Mwenye kubisha aje. Nitamtilia chai, nitamweleza upya tangu mwanzo, ila picha sitamwonyesha.

Jina langu Kezia, lakini hapa mjini naitwa Mama Happy. Happy ndiye mtoto wangu wa pekee. Mwaka huo alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri kupangiwa chuo, na huku akisubiri alimsaidia mjomba wake studio: kupokea wateja, kuwafuta jasho, kuprinti. Gozbert ni fundi, sitamnyima sifa yake hata kama ni mkaidi. Lakini kilichokuwa kinamlisha si kupiga picha; siku hizi kila mtu ana simu. Kilichomlisha ni kuunganisha. Unamletea sura yako, yeye anakuvalisha suti usiyokuwa nayo na kukusimamisha mbele ya ghorofa ambalo hujawahi kulitia machoni. Na wafu vilevile. Mzee amekufa, picha yake pekee ni ile ya kitambulisho. Gozbert anamtoa kwenye kitambulisho, anampa koti na tai, na siku ya mazishi anabebwa mbele ya jeneza akiwa nadhifu kuliko alivyopata kuwa. Nusu ya kuta za Mabawe, kijijini kwetu, zina marehemu waliovaa koti lilelile moja. Hata baba yetu, mzee Ndayisaba, kwenye ukuta wangu amelivaa.

Basi kiangazi kikakolea, ikaja habari ya ndege. Mzungu mmoja mzee alikuwa anaizungusha Afrika ndege ya vita ya zamani, ile ya vita vya enzi za babu zetu. Aliikuta mabaki matupu, akaihangaikia miaka mpaka ikaruka tena. Injini ikamsumbua akiwa angani kwetu, akatua kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Biharamulo, na pale akakaa kusubiri kipuri. Habari ikazagaa kwenye simu zote. Watu wakaanza kwenda kuiona.

Gozbert akaona riziki. Akaniambia kila studio ina ghorofa, kila studio ina maua na maporomoko ya maji, lakini ndege ya vita nani anayo? Akakodi Probox, tukaenda wanne: yeye, mimi, Happy, na mama yetu, Bernadetha, aliyekuwa amekuja kwangu kutibiwa magoti. Mama alisema lazima aione kwa ajili ya baba. Baba alikuwa mtu wa kuacha jembe katikati ya tuta ndege ikipita, anaitazama mpaka ipotee, na alikufa hajawahi hata kuigusa. Njia nzima mama alimsimulia Happy jinsi alivyokuwa anamgombeza mumewe kwa ajili ya ndege za watu. Pale Lusahunga tukanunua ndizi za kuchoma, tukala tukicheka. Ilikuwa safari nzuri, na mpaka leo nikiikumbuka naumia.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Imepakwa rangi ya majani na kijivu, pua nene yenye panga la kuzunguka, na juu kibanda cha kioo chenye kiti kimoja tu. Ilinuka mafuta mazito. Polisi alikuwa amezungusha kamba, na ndani ya kamba alikuwepo fundi wa ndege, kijana wa Mwanza aitwaye Paschal, mpole, mwenye kuongea huku akifuta mikono. Alituruhusu tusogee. Tupige picha tutakavyo, alisema, ila mtu asipande.

Tukiwa pale yule mzungu akaja kuangalia kitu ndani. Hakupanda moja kwa moja. Alisimama ubavuni mwa ndege, akagonga bati kwa vifundo vya vidole, akainamisha kichwa akangoja. Kisha ndipo akapanda. Watu hawakujali. Mama alijali. Akamuuliza Paschal mbona mtu mzima anapiga hodi kwenye chombo chake mwenyewe, na humo ndani kuna nani.

Paschal alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akatusogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, mzee huyu amebadilisha kila kitu humu. Injini, mabawa, kioo. Kiti hakukibadilisha. Anasema kina mwenyewe."

Gozbert huyo, masikio yake yote yalikuwa kwenye kamera. Yeye alitaka kiti hichohicho, kikiwa kitupu, ili akija mteja amketishe. Alimsihi Paschal mpaka yule kijana akachoka, akamwachia apande ngazi kwa muda mfupi mzungu alipokwenda kunywa maji. Nilimwona ameinama juu ya kibanda, anapiga, anapiga tena. Kiti cha ngozi iliyopasuka, mikanda ya mabegani na ya kiunoni imening'inia pembeni. Aliposhuka anatabasamu, mama akamwambia kwamba ameingia kwa mtu bila hodi. Gozbert akamjibu kuwa hakuingia, alichungulia tu. Mama akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Kipuri kilifika, ndege ikaondoka zake kwenda kaskazini. Sisi tukarudi kwenye shughuli zetu.

Wa kwanza kuwekwa kwenye kile kiti alikuwa Benedicto, dereva wa bodaboda, kijana wa kupenda sifa. Gozbert alimvalisha kofia ya rubani, akamfunga mikanda kifuani, na kwa kweli ungeapa kijana amepigana vita. Benedicto akaibandika picha ile kwenye pikipiki. Kesho yake mchana akaja Joyceline wa mgahawa wa stendi na aproni yake, na siku zilizofuata wakaja wengine. Wakaja walimu, wakaja wauza mitumba. Foleni ikafika mpaka mlangoni kwangu, wakawa wananizibia mwanga na mimi nawafokea.

Benedicto ndiye alikuwa wa kwanza kulalamika. Alikuja asubuhi anajinyoosha mabega, anasema yanamuuma kama amebeba magunia. Nikamwambia apunguze pombe ya ndizi. Mchana akawa mzima. Joyceline naye akasema amelala ameketi, kila akijilaza pumzi inakata. Nikamwambia apime malaria. Kesho yake akawa mzima, anakaanga chapati na kuimba. Kila siku alikuwepo mmoja wa kulalamika, na kila siku yule wa jana alikuwa amepona. Nani angejali? Mji mzima una watu wanaoumwa migongo.

Siku ya mwisho ya foleni ile, jioni, wateja walikuwa wameisha. Happy akamwambia mjomba wake sasa na mimi, bado mimi tu. Wakacheka, nikawasikia kupitia ukutani. Printa ikatoa picha, na mara tu ilipoitoa transfoma ya mtaa ikalipuka. Mtaa mzima ukakosa umeme, na haukurudi juma zima. Gozbert akafunga studio, akaenda kupalilia.

Happy aliamka na mabega yanauma. Nilimkanda na maji ya moto. Siku iliyofuata hakuweza kulala chali. Nikimlaza anakabwa, mikono inapapasa hewani inatafuta kitu cha kushika. Basi akawa anaketi. Anaketi wima juu ya kitanda, magoti mbele, macho yameelekea juu upande wa kushoto. Jua la saa sita linachoma mabati na ngozi yake ni ya baridi. Nywele zake nilizomsuka mwenyewe zikaanza kunuka mafuta mazito.

Nilipomvua blauzi nimwogeshe, nikaiona mikanda. Alama mbili nyekundu zimeshuka kutoka mabegani. Nyingine mbili zimetoka kiunoni. Zimekutana tumboni.

Hospitali walimpima kila kitu. Malaria hana, presha nzuri, damu ipo. Wakamtundikia maji, wakaniambia nimrudishe nyumbani apumzike. Nilimpakata ndani ya bajaji nikimwombea kwa Bikira Maria wote ninaowajua, wa Lurdi na wa Fatima. Njiani akafungua mdomo.

"Mama," alisema, "chini ni mbali."

Nikamwambia tumekaribia nyumbani, atapumzika kwenye kiti.

"Sijakaa kwenye kiti. Nimepakatwa."

Sikuuliza na nani. Niliogopa atanijibu.

Benedicto ndiye alinisaidia kumtoa kwenye bajaji. Kanga ikamteleza Happy begani, Benedicto akaiona ile alama, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango. Akafungua shati lake pale pale. Kulikuwa na kivuli cha alama kama hizo, kimefifia. Akasema zilimtoka mchana uleule Joyceline alipopigwa picha yake. Nikakimbia kwa Joyceline. Naye zake zilimtoka mwalimu wa kwanza alipowekwa. Nikazunguka stendi nzima kama kichaa, navua watu mashati. Kila mmoja alikuwa amefunguliwa na aliyemfuata.

Na Happy hakufuatwa na mtu.

Nilimwita Gozbert arudi kutoka shamba. Alikuja na udongo miguuni, akamtazama mpwa wake ameketi wima anatetemeka, na hapo ukaidi wote ukamtoka. Akaazima jenereta kwenye baa. Tukaiwasha kompyuta. Wazo lake la kwanza likawa kuifuta ile picha. Mimi nilikuwa chumbani kwangu upande wa pili wa ukuta nimemshika mtoto. Nikasikia Gozbert anasema kwa sauti, tayari, nimefuta.

Happy alianguka. Sina neno lingine. Alikuwa ameketi kitandani na akaanguka, na hakuondoka kitandani. Nywele zote zikasimama juu. Mashavu yakavutwa kuelekea machoni. Mdomo wazi, sauti hakuna. Nilimkumbatia na kifua changu kikahisi tumbo linapanda, kama vile gari linaposhuka mteremko. Nikapiga ukuta kwa ngumi. Nikapiga kelele airudishe. Arudishe. Arudishe!

Akairudisha. Happy akatulia, wima, mikono mbele.

Gozbert akajaribu kumtoa Happy pichani na kuweka sanamu ya kuvalishia nguo ya dukani. Mwili ukaanza kuanguka tena. Kiti kile kilitaka mtu.

Alipokuja mlangoni kwangu nikamwambia aweke mtu. Akaniuliza nani, dada. Nikamwambia yeyote. Nilimtajia kichaa wa stendi. Nilimtajia jirani niliyegombana naye kwa ajili ya mfereji wa maji. Sioni aibu kusema; wewe mwenye mtoto mmoja utanielewa, na asiye naye anyamaze. Gozbert akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akasema watu hawa wanamwamini, wanamletea sura zao. Akasema atajiweka mwenyewe. Alikuwa tayari ameshainua simu ajipige.

Mama alikuwa pembeni muda wote na rozari yake. Akasema kwa utulivu, "Mwekeni baba yenu."

Tukageuka wote wawili.

"Yeye ameshakufa, atakosa nini? Na ndege alikuwa anaipenda. Mwekeni, mtoto alale."

Tulikubali haraka. Ukweli ni kwamba tulifurahi. Gozbert akamtoa baba kwenye lile koti lake la kuazimwa, akamvalisha kofia ya rubani, akamfunga mikanda. Mimi nilikuwa nimemshika Happy mkono. Nilihisi mkono unapata joto. Halafu shingo ikalegea, macho yakashuka kutoka juu, akanitazama, akasema ana njaa. Akajilaza mwenyewe, ubavu, kama alivyokuwa analala utotoni. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Mama aliomba ile picha iprintiwe. Akaitazama sana, akacheka na meno yake machache, akasema mzee leo amepanda. Akaikunja ndani ya kanga akarudi nayo Mabawe.

Baba amezikwa nyumbani, nyuma ya jiko, kwenye migomba. Kila asubuhi mama alikuwa anapitia pale kabla hajawasha moto. Anamsalimia mumewe, anamwambia mbuzi amezaa, mvua imegoma, fulani kaoa. Tangu tumzike hakukosa siku yoyote aliyoamka pale nyumbani. Sisi watoto tulizoea, hatukuona ajabu.

Baada ya siku chache akanipigia simu. Kaburi limedidimia, alisema. Sakafu ya saruji imepasuka katikati na kuingia ndani. Nikamwambia ni panya buku, nitatuma fundi. Kesho yake akapiga tena. Safari hii alinong'ona, na mama yangu si mtu wa kunong'ona.

"Kezia, hayupo."

Nikamuuliza nani hayupo.

"Nimezungumza na mume wangu pale miaka yote. Najua akiwepo. Sasa nasalimia shimo. Mtu aliyelala kwake, nimemtoa kwa mkono wangu nikampeleka akapakatwe na mtu asiyemjua."

Akaomba Gozbert amweke yeye, baba arudi. Nilimkatalia. Gozbert naye akamkatalia. Nilimwambia mama, mfu ni mfu, hasikii baridi wala kizunguzungu, lakini wewe uko hai na tunakuhitaji. Kisha akaniuliza Happy alisemaje kuhusu kule juu, kuna baridi? Nikamwambia ndiyo mama, alisema kuna baridi sana. Akasema haya, nibaki salama.

Jirani yake Aristides ndiye alitupigia. Alisema tu twende. Tulifika Mabawe asubuhi, jua limetoka, kuku wanachakura. Pikipiki ya Benedicto ilikuwa imembeba Happy, mimi na Gozbert tulikuwa nyuma yao kwenye bodaboda nyingine.

Mama alikuwa uani ameketi kwenye kiti cha plastiki. Wima. Magoti mbele. Macho yametazama juu, upande wa kushoto.

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Juu ya kitenge alikuwa amevaa sweta, na juu ya sweta hiyo sweta nyingine, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Kichwani kafunga kilemba kizito. Rozari imezungushwa kiganjani. Alikuwa amejiandaa vizuri, kama mtu anayejua anakokwenda. Nilipomgusa shavu lilikuwa la baridi ya barafu, pumzi imeshakatika, na pale uani sisi tulikuwa tunatoka jasho.

Kwenye mapaja yake ilikuwepo picha ya ndege. Baba haonekani. Juu ya uso wa baba ulikuwa umebandikwa uso wa mama, umekatwa kwa wembe kutoka kwenye picha ndogo aliyopigwa na Gozbert kwa ajili ya kadi ya matibabu. Aliubandika kwa ugali. Kidole chake cha shahada kilikuwa bado na unga mkavu. Miaka yote alikuwa anamwona mwanaye akiunganisha watu kwa kompyuta, na yeye akaunganisha kwa wembe na ugali, na ikafaa.

Gozbert aliishika ile picha aubandue uso wa mama. Nilimdaka mkono. Nilimwambia akumbuke Happy alivyoanguka. Akaiacha, akakaa chini kwenye vumbi.

Ndipo Aristides akatuita tuone. Alinyoosha kidole ardhini. Kulikuwa na nyayo. Miguu mitupu ya mwanamume, mikubwa, imekuja kutoka barabarani, ikapita kwenye mlango wa ua. Mguu wa kulia hauna kidole kidogo. Jembe lilimkata baba kidole hicho kabla sisi hatujazaliwa.

Nyayo zilikwenda mpaka mbele ya kiti cha mama. Hapo zilikuwa nyingi, zimekanyagana, zimechimba udongo. Mtu alisimama pale muda mrefu. Halafu zikazunguka jiko, zikaingia kwenye migomba, zikafika ukingoni mwa kaburi. Saruji iliyokuwa imezama ilikuwa imeinuka. Imejaa, iko sawa, ufa hauonekani. Nyayo za kurudi hazikuwepo.

Padre alisema ni moyo. Tulimzika mama kando ya baba, kama alivyokuwa anataka siku zote. Waliobeba jeneza walitazamana walipoliinua, wakashusha macho. Benedicto alikuwa mmoja wao. Baadaye aliniambia nisimuulize uzito, na sikumuuliza.

Happy yuko chuo sasa, mzima, anacheka. Hajui kila kitu na mimi simwambii. Gozbert hauunganishi tena uso wa mtu. Anauza vocha na kuchaji simu. Picha ninayo mimi, imefungwa kwenye kanga ya mama, na ugali ule haujapukutika wala kuoza. Naichunga kuliko cherehani yangu. Kuna siku nashika wembe na ile picha yangu ndogo ya kitambulisho, naketi navyo. Halafu namkumbuka mtoto wangu, naviweka chini. Halafu naona aibu, navichukua tena.

Nikienda Mabawe naanza kwa baba. Nampa shikamoo, namwambia habari za Happy, na siwezi kueleza, lakini unajua kabisa unazungumza na mtu. Kisha nasogea hatua chache kwa mama. Nasema shikamoo mama. Nangoja. Ni udongo tu.

Masika mbili zimeshapita juu ya ua ule. Aristides amefagia, amelima, amepanda maharage. Nyayo zile bado ziko, zimekauka vizuri, pale mbele ya kiti alipokuwa amesimama akimtazama mkewe anaondoka. Naziruka nikipita. Nikisikia ndege juu, naacha ninachofanya na kutazama mpaka ipotee. Alivaa sweta mbili tu. Sijui kama zinamtosha.